Umeacha kijana nyumbani, wewe uko baharini: panga mawasiliano kabla meli haijang'oa nanga

Kazi yangu ni mawasiliano ya melini. Nasimamia mitambo inayoiunganisha meli ya kitalii na nchi kavu: madishi ya setilaiti juu ya sitaha, vifaa vya Wi-Fi kwenye korido, simu za vyumbani. Abiria mwenye simu isiyoshika huletwa kwangu, na siku hizi miongoni mwao nawaona Waswahili wenzangu, hasa familia za Wakenya na Watanzania wanaoishi Marekani na Uingereza. Wengi hawaulizii mpira wala kupakia picha. Wameacha kijana nyumbani, kwa sababu ya mitihani au kwa sababu hakutaka kuja, na wanataka kujua kama yuko salama.

Ninachowaambia ni hiki: mtandao wa melini una mianya, na hakuna kifurushi kinachoiziba yote. Kwa hiyo usimwekee kijana utaratibu unaokutaka wewe upatikane saa zote. Mwekee utaratibu utakaofanya kazi hata usipopatikana.

Tuanze na simu yako. Meli ikitoka Miami, simu huendelea kushika minara ya pwani kwa muda. Baadaye mtandao unapotea kabisa. Kisha, bila wewe kugusa kitu, unarudi umejaa, ila jina limebadilika: utaona "Cellular at Sea" au tarakimu 901-18. Huo si mtandao wa nchi yoyote. Namba 901 imetengwa kimataifa kwa mitandao isiyofungwa kwenye nchi moja, na mnara wenyewe umo ndani ya meli, unapitisha sauti yako kwenye setilaiti. Kifurushi chako cha nyumbani kwa kawaida hakiugusi. Dakika moja yaweza kukutoza dola kadhaa, na simu inayojisasisha yenyewe mfukoni hukulia pesa huku wewe ukila chakula cha jioni. Dawa yake ni kuweka simu kwenye hali ya ndegeni mkiwa bado bandarini, halafu kuwasha Wi-Fi peke yake.

Mwambie kijana jambo hilo kabla hujaondoka, kwa sababu lina matokeo kwake. Akipiga namba yako ya kawaida ataambiwa haipatikani, na SMS ya kawaida huenda isikufikie. Asidhani umezima simu kwa kusudi. Njia yenu ni WhatsApp au programu nyingine inayotumia intaneti, na ijaribuni mkiwa wote nyumbani, yeye chumbani na wewe sebuleni, simu yako ikiwa kwenye hali ya ndegeni na Wi-Fi ikiwaka.

Kuhusu intaneti yenyewe, mambo yamebadilika sana. Zamani meli zilitegemea setilaiti zilizoko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Neno lilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na watu waliishia kukatizana. Mwaka 2022 kampuni ya Royal Caribbean ilitangaza kuweka mtandao wa setilaiti wa Starlink kwenye meli zake, na Carnival ikafuata. Setilaiti hizo ziko kilomita 550 hivi tu, ndiyo maana sasa unaweza kumwona mwanao kwa video ukiwa katikati ya Karibi. Hata hivyo, chuma ni chuma. Kuta za vyumba ni za chuma, na mara nyingi ukisogea karibu na mlango wa korido utapata nguvu ya mtandao usiyoipata kitandani. Siku ambayo meli haitii nanga popote, abiria wote wako ndani na wote wako mtandaoni. Jioni kabla ya chakula ndiyo hali mbaya kuliko zote. Asubuhi mapema njia huwa nyeupe.

Vifurushi huuzwa kwa kifaa, si kwa chumba, na ukinunua mtandaoni kabla ya safari kwa kawaida hulipa kidogo kuliko ukinunua ndani. Soma maelezo vizuri: vile vya bei ya chini mara nyingi huruhusu ujumbe wa maandishi na kukataa simu za video. Wanandoa wengi hununua kimoja na kupokezana, baba anatoka, mama anaingia. Inawezekana, lakini fahamu kwamba yule aliyetoka hapati kitu. Kama kijana humwandikia mama, na kifurushi kimeshinda kwa baba tangu adhuhuri, ujumbe wake unasubiri. Fungueni kundi la familia, nyote watatu, na kila kitu kiandikwe humo.

Sasa fundisha alama za tiki. Najua kijana anazijua, lakini zungumzeni maana yake kwa safari hii. Tiki moja kwenye kundi maana yake ujumbe umetoka kwake na haujafika kwenye simu zenu zote: yupo kati yenu aliye nje ya mtandao. Haupotei, WhatsApp huuhifadhi hadi siku 30. Tiki mbili, umewafikia wote. Kubalianeni kwamba tiki moja mchana kutwa si habari mbaya kwa yeyote. Kwa jambo la kawaida, asubiri. Kwa jambo lisilosubiri, asihangaike na tiki, aende moja kwa moja kwa mtu wa nchi kavu, nitakayemfikia hapa chini.

Saa nazo huwachanganya watu wazima na akili zao. Meli huwa na saa yake, na bandari yaweza kuwa na nyingine. Cozumel, Mexico, haibadilishi saa mwaka mzima, kwa hiyo majira ya joto iko nyuma ya Miami kwa saa moja, na majira ya baridi ziko sawa. Simu iliyo kwenye hali ya ndegeni yaweza kubaki na saa ya zamani. Ukiitoa ukashika mnara wa bandarini, inabadilika. Ndiyo maana nasema miadi yote na kijana iwe kwa saa ya nyumbani. Yeye asipige hesabu yoyote. Wewe ndiye uliyesafiri, hesabu ni yako.

Miadi miwili kwa siku inatosha: akirudi kutoka shule, na kabla ya kulala. Wa kwanza uwe ujumbe tu, "nimefika". Wa pili uwe sauti iliyorekodiwa, yako na yake, kwa sababu ni nyepesi kuliko video na hungoja mtandao bila kukatika. Na tafadhali, usimuulize "uko salama?" Jibu ni "ndiyo", na hujajua lolote. Muulize kitu ambacho lazima akitazame ndipo ajibu: friji imebaki na nini, barua ya shule inasemaje, mlango wa nyuma umefungwa kwa komeo? Nimewasikia wazazi sitahani wakisikiliza sauti ya namna hiyo mara mbili tatu, kijana anatembea ndani ya nyumba anataja alivyovikagua, nyuma yake televisheni inasikika. Humo wamepata zaidi ya walichokipata kwenye simu ya video iliyoganda.

Ufuatiliaji wa mahali alipo kupitia simu mimi siupendi kwa safari hizi. Betri yake ikiisha, nukta inapotea kwenye ramani, na mzazi aliye baharini anakosa usingizi kwa jambo ambalo chaja ingelimaliza.

Mtu wa nchi kavu ndiye nguzo ya mpango wote. Awe mtu mzima anayeishi karibu, mwenye ufunguo wa nyumba, na aliyekubali kwa kinywa chake kuamshwa usiku: shangazi, mjomba, jirani mnayeaminiana. Nchini Uingereza sheria haitaji umri, lakini ushauri rasmi ni kwamba aliye chini ya miaka 16 asiachwe peke yake usiku. Marekani kila jimbo lina lake, liangalie la kwako. Kama kijana ni mdogo, huyo mtu alale pale pale nyumbani. Mwachie barua iliyosainiwa inayomruhusu kukubali matibabu ya kijana, pamoja na nakala ya kadi ya bima. Pesa za dharura ziacheni mapema pia, maana msimbo wa benki unaokuja kwa SMS huenda usikufikie baharini, na bila huo hutumi kitu.

Kisha bandika karatasi kwenye friji. Mstari wa kwanza ni namba ya dharura ya nchi mliyopo, 911 Marekani, 999 Uingereza, kwa sababu moto na ugonjwa haviitishi ruhusa ya mzazi. Chini yake jina kamili la meli, tarehe za safari, namba ya chumba, namba ya tiketi, na simu ya dharura ya kampuni ya meli. Mkishapanda, ongezeni mawakala wa bandarini, yaani wanaoiwakilisha kampuni ya meli kwenye kila bandari; majina na simu zao kwa kawaida huchapishwa kwenye ratiba ya siku ya melini, ipige picha umtumie kijana. Majina yenu yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Hili nalisisitiza sana, kwa sababu ndugu hupiga simu wakimtafuta Mama Fulani, na orodha ya abiria haimjui Mama Fulani. Jina likiwa sahihi, ofisi ya nchi kavu inaipigia meli, mapokezi wanapiga simu ya chumba chako, ukikosekana wanaacha barua mlangoni na kukutafuta. Njia hiyo haitegemei kifurushi chako hata kidogo.

Ukipata habari nzito, meli haigeuki kwa ajili ya familia moja. Kwa kawaida utashuka bandari inayofuata na kupanda ndege. Hapo ndipo pasipoti inapohitajika. Raia wa Marekani huruhusiwa kwenda safari za kutoka na kurudi bandari ile ile ya Marekani kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, lakini kwa ndege kutoka nchi ya kigeni atahitaji pasipoti. Ichukueni, hata kama hamkulazimishwa.

Kwa mnaopanda meli za majira ya baridi kutoka Dubai au Abu Dhabi: simu za WhatsApp za sauti na video zimezuiwa kwenye mitandao ya Falme za Kiarabu, ingawa maandishi na sauti zilizorekodiwa hupita. Msipange kuongea na watoto mkiwa mnatembea mjini.

Na asubuhi ya mwisho, kifurushi hukatika mara nyingi kabla hamjashuka, kisha kuna foleni ya mizigo na ya uhamiaji. Mwandikieni kijana usiku wa kuamkia siku hiyo kwamba mtakuwa kimya hadi mchana, na mtajeni saa mnayotarajia kufika mlangoni, mkiongeza saa mbili za foleni na barabara.