Dukati ya nyundo: kasoro ya kuzaliwa au mkono wa mwizi?

Anayeshika dukati, sarafu ya dhahabu ya Uholanzi ya miaka ya 1600, kwa mara ya kwanza hudhani kauziwa mbovu. Si duara kamili, ukiilaza mezani inayumba, na herufi za upande mmoja hazionekani. Mengi ya hayo imezaliwa nayo.

Kabla mashine za parafujo za kugandamiza sarafu hazijaenea, dhahabu ya zaidi ya asilimia 98 ilifuliwa ikawa bamba, ikakatwa visahani kwa mkasi, na kila kisahani kikapunguzwa hadi takriban gramu 3.49. Kilichosawazishwa ni uzito, si umbo. Muhuri wa chini ulikitwa kwenye gogo, wa juu ukashikwa mkononi, nyundo ikashuka. Sarafu ina upana wa milimita 22 hivi na unene wa karibu nusu milimita tu, kwa hiyo muhuri ukiinama kidogo, miguu ya askari mwenye deraya aliyechorwa juu yake inatoka vizuri na kichwa kinafifia. Upanga ukiwa na pacha wake pembeni, jua nyundo ilirudia na kisahani kilishasogea.

Wizi, yaani kukata dhahabu ya ukingoni, husomwa kwenye maandishi: CONCORDIA RES PAR CRES (Kilatini kilichofupishwa: kwa umoja, mambo madogo hukua), kisha kifupi cha jimbo (TRA ni Utrecht, HOL ni Holland). Vichwa vya herufi vikikosekana upande mmoja, huku upande wa pili ukiwa na ukingo mpana na uzito ni 3.45, muhuri ulikosa katikati, basi. Vikikosekana na mizani inasoma 3.2, mkasi ulipita. Gramu 3.6 nazo zinanitia shaka: angalia ukingoni juu ya kichwa cha askari kama kuna lehemu ya kidani kilichong'olewa.

Ukitaka kupima msongamano ili ujue kama dhahabu ni halisi, itundike kwa uzi ndani ya kikombe cha maji kilicho juu ya mizani, bila kugusa chini. Dukati halali husukuma maji ya gramu 0.184 hivi, sawa na msongamano wa 19. Mizani ya sehemu ya mia haifai hapa: kosa la 0.01 linakupeleka 18 au 20. Tumia ya sehemu ya elfu. Viputo vikiganda chini ya sarafu vitaishusha namba ukaikataa sarafu nzuri bure. Tone la sabuni ya vyombo huvimaliza.

Iliyopinda iache ilivyo. Ukiinyoosha, ufa unaweza kuanzia ukingoni, na hakuna sonara atakayeuficha.