Ngome ndani ya gemu za hadithi: yanayosemwa na yalivyo

Kila inapotoka gemu ya fantasia yenye kisa kirefu na ndani yake mna ngome ya kujenga, mabishano ni yaleyale: wengine wanasema ujenzi unaharibu hadithi, wengine wanautetea. Mimi ni mpenzi wa ngome, ila si ya kila ngome, na hoja nyingi za pande zote mbili hazishiki.

Dhana potofu: Ujenzi ni fasheni iliyoletwa na Minecraft, ile gemu ya kujenga kwa matofali.

Ukweli: Minecraft ilikamilika 2011. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao gemu hizi zimetokana nao, ulipotoka 1974 tayari vitabu vyake vilikuwa na bei za kuta na minara, maana shujaa aliyekomaa alitarajiwa kujijengea ngome yake. Baldur's Gate II (2000) ikagawa makao kwa kazi ya mhusika: mpiganaji anapata ngome ya De'Arnise, mwizi anakabidhiwa genge, na mwimbaji anapewa ukumbi wa maigizo, jambo ambalo hadi leo linanichekesha.

Dhana potofu: Kujenga kunasimamisha hadithi. Dunia inaangamia, wewe unahesabu mbao.

Ukweli: Inategemea unaijenga kwa kulipa kitu gani. Kwenye Suikoden ya Konami (1995), ngome yako inaanza kama gofu kisiwani, katikati ya ziwa, na kabla ya kuhamia inabidi umuue joka aliyekwisha kufa mara moja. Hakuna kitufe cha kununua ukuta. Ukimshawishi mhunzi ajiunge na waasi, anafungua karakana. Sansuke akikubali kuja, ngome inapata bafu. Watu wa kukusanya, ukijihesabu na wewe, ni 108, na kadiri wanavyoongezeka ndivyo jengo linavyopanuka. Ukipita ukumbini baada ya vita unamkuta yule mvuvi uliyemtoa kijijini, na kila ghorofa ina mtu unayekumbuka ulimpataje. Hapo utasema hadithi imesimama wapi?

Mawe nayo yanaweza kubeba kisa, mradi kisa kiyakumbuke. Kwenye Dragon Age: Origins – Awakening (2010) kuna mbilikimo fundi, Voldrik, anayetaka fedha na matale ya kuimarishia kuta za ngome yako, Vigil's Keep. Unaweza kumpuuza. Karibu na mwisho unaamua kama utaokoa mji wa Amaranthine au utarudi kuilinda ngome. Ukibaki mjini, zile kuta ndizo zinazoamua ngome itasimama au itaanguka, pamoja na wenzako uliowaacha ndani.

Dhana potofu: Wanaolalamika ni wavivu.

Ukweli: Hapana. Pathfinder: Kingmaker (2018) ilikupa utawala mzima, na unaweza kushinda kila pambano kisha gemu ikaisha kwa sababu utawala umeporomoka ofisini. Kupandisha daraja la sekta moja tu ya utawala kunakula siku 14 ambazo wewe mtawala huendi popote. Watengenezaji wenyewe waliweka chaguo la kuuacha utawala ujiendeshe. Mwenye chakula akikuruhusu usile, usimwite mgeni mvivu.

Dhana potofu: Ikiwa ni hiari, haina madhara.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inasikika kama busara. Caed Nua, ngome ya gemu ya Pillars of Eternity (2015), iliahidiwa kwenye kampeni ya Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha, iongezwe michango ikivuka kiwango fulani. Ikaongezwa kweli. Unatoa sarafu, unasubiri, mnara umepanda, na hakuna anayekuuliza kitu. Kitu ambacho mchezaji anaweza kukiruka, mwandishi hathubutu kukitegemeza kisa, kwa hiyo kinabaki pembeni kikimeza pesa zako. Obsidian, watengenezaji wake, walilitambua hilo. 2016 walileta bwana mmoja anayedai kwamba ardhi ile ni yake, na ghafla kuta zikawa na sababu ya kuwepo.

Kisha Deadfire (2018), gemu ya pili ya mfululizo huo, ikaanza kwa jitu la mungu kuchomoka chini ya Caed Nua na kuibomoa yote. Hukupewa ngome nyingine, ulipewa meli, na mabaharia wenye majina yao, wanaodai mshahara na kununa chakula kikiwa kibaya.