"Mimi Nalima, Sukari Nitaitoa Wapi?"

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Mama wa miaka 46, mkulima wa mpunga hapa bonde la Kilombero: "Daktari, sukari ni ya watu wa mjini. Mimi nalima, nitaitoa wapi?" Presha yake 148/94. Sukari kabla hajala kitu, 6.3. Kiuno sentimita 101, na hapo tepu ilipita kwenye ngozi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ameshatoa pumzi. Ukipima juu ya kanga tatu unapima kanga. Vyote vitatu vimezidi kikomo. Vigezo viko vitano, viwili vingine ni vya mafuta ya damu, na vitatu vinatosha kuiita sindromu ya metaboliki, yaani mkusanyiko wa hatari unaoelekea kwenye kisukari na maradhi ya moyo. Kisukari hana bado. Ndiyo maana nataka anisikie sasa.

Kauli hiyo naisikia kliniki, misibani, hata kwa watumishi wenzangu, na kwao inaniuma zaidi. Zamani ilikuwa na ukweli. Utafiti wa vijiji vya Tanzania uliochapishwa 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 kati ya 100. Ule wa kitaifa wa 2012, mjini na vijijini pamoja, ulikuta sukari ya juu kwa asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64, na presha kwa robo yao. Tafiti hizo hazikufanywa kwa namna moja, kwa hiyo usizilinganishe namba kwa namba. Ila kijiji cha 1989 hakipo tena.

Nilimuuliza: jembe ulilishika lini mara ya mwisho? Akafikiri. Palizi, mwezi wa pili. Tupo mwezi wa tisa. Shamba lililimwa na trekta, magugu mengi yaliuawa na dawa, mavuno yakafanywa na kombaini. Shambani kwenyewe huenda kwa bodaboda. Mpunga unakobolewa mashineni. Simwambii mwanamke yeyote arudi kwenye kinu. Aliyetwanga tangu utotoni anajua mgongo wake ulivyolipa. Ninachobishia ni hesabu. Misuli ikishafanya kazi huvuta sukari vizuri kwa siku mbili tatu hivi, kisha faida hiyo inakwisha. Palizi ya Februari haikulindi Septemba. Ukulima ni kazi yako mwaka mzima, lakini mwili wako unaijua kazi hiyo kwa wiki chache tu.

Chakula nacho: mlima wa wali, dagaa wachache, chai ya vijiko vinne vya sukari, mafuta ya kupima dukani. Tunasema "wanakula vibaya" kana kwamba ni hiari. Miezi ya njaa kinachoshibisha kwa bei ndogo ni wanga. Mayai na matunda yanapelekwa sokoni kutafuta ada. Umaskini wenyewe unaweza kumpa mtu kitambi. Chumvi, pombe, sigara, kukosa usingizi: mnavijua, sivirudii.

Lisilosemwa ni woga wa kukonda. Huku tulizika watu wengi waliokwisha miili kwa UKIMWI, na hadi leo mtu akipungua majirani wanaanza kuulizana. Mama yule aliniambia waziwazi: "Nikikonda watasema nimeungua." Ukimpa ushauri wa lishe bila kuligusa hilo, umeongea na ukuta.

Nina mashaka yangu pia. Kikomo cha kiuno cha sentimita 94 kwa wanaume tulikiazima kutoka data za Ulaya. Uchambuzi wa 2021 wa tafiti za Afrika kusini mwa Sahara ulipata 81 hivi. Sasa mzee mwenye 88, nimwache aende? Mimi simwachi, ila sina mwongozo wa kunitetea. Halafu trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta ya damu: kwa Waafrika wengi hubaki chini hata insulini, homoni inayoshusha sukari, inapokuwa imezidiwa, kwa hiyo kigezo hicho kinawapita watu wetu. Kituoni kwetu mafuta ya damu hatupimi kabisa. Naamua kwa presha, sukari na tepu, na najua wapo niliowaambia wako salama kumbe sivyo.

Tulikubaliana kidogo: shambani aende kwa miguu na kurudi kwa bodaboda, chai kijiko kimoja, sahani nusu iwe mboga. Kabla hajatoka alinisogezea daftari lake la kliniki. "Niandikie hapo kwamba kupungua umenituma wewe, nikaoneshe nyumbani." Nikaandika kwa herufi kubwa, nikagonga muhuri.