Je, wajua kwa nini ukubwa wa ushindi wa bondia hupimwa kwa aliyeshindwa?

Wapenzi wa masumbwi wanapowalinganisha mabingwa wa zamani, wengi huanza na rekodi, na hapo Rocky Marciano huwa hana mpinzani, kwa kuwa alistaafu akiwa ameshinda mapambano yake yote 49, na 43 kati ya hayo kwa KO, yaani kwa kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea. Hata hivyo, rekodi hutaja idadi ya waliopigwa bila kueleza walikuwa katika hali gani siku hiyo. Joe Louis, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, aliyepigwa na Marciano mwezi Oktoba 1951 alikuwa na umri wa miaka 37, alikuwa amewahi kustaafu, na deni la kodi ndilo lililomrudisha ulingoni. Ushindi mkubwa zaidi wa Marciano ni ule wa Philadelphia wa Septemba 1952, ambapo Jersey Joe Walcott alimwangusha katika raundi ya kwanza na kuongoza kwa pointi hadi raundi ya 13, kabla ya konde moja la kulia kuumaliza mchezo. Ulikuwa ushindi wa kishujaa, lakini Walcott naye alikuwa na miaka 38.

Kipimo hicho hicho hulipunguza kidogo, bila kulidharau, pambano linalotajwa kuliko mengi: Louis dhidi ya Mjerumani Max Schmeling, New York, tarehe 22 Juni 1938. Miaka miwili kabla, Schmeling alikuwa amempiga Louis kwa KO katika raundi ya 12, baada ya kugundua kwamba Louis, kila alipotupa konde la kushoto, aliushusha mkono huo badala ya kuurudisha kulinda uso. Katika marudiano Louis hakumpa nafasi ya kulitumia kosa hilo, kwani alimmaliza kwa sekunde 124 tu. Utawala wa Hitler ulikuwa umemfanya Schmeling alama ya ubora wa Wajerumani, ingawa mwenyewe hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi na meneja wake alikuwa Myahudi. Kwa hiyo Wamarekani wengi, weusi kwa weupe, waliuona ushindi ule kuwa wao. Lakini uzito wa siasa ni jambo moja na uzito wa mpinzani ni jambo jingine. Schmeling alikuwa na miaka 32, na ubingwa wa dunia alikuwa ameupoteza tangu 1932.

Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, mambo yalikuwa kinyume. Aliyekuwa na miaka 32 safari hii ni Muhammad Ali, aliyetafuta ushindi, na aliyekuwa kileleni ni bingwa George Foreman, mwenye miaka 25, aliyeshinda mapambano yote 40, 37 kwa KO. Joe Frazier na Ken Norton walikuwa wamemshinda Ali kila mmoja kwa wakati wake, na Foreman alikuwa amemmaliza kila mmoja wao ndani ya raundi mbili. Frazier alianguka mara sita. Ali, ambaye miguu yake haikuwa tena ile ya miaka ya sitini, aliegemea kamba, akajikinga uso na mbavu, akamwacha Foreman atupe makonde mazito katika joto la Zaire. Kujikinga huko hakukuwa kukaa bure, kwa maana alikuwa akijibu kwa makonde ya haraka usoni na kuongoza kwa pointi. Foreman, ambaye mapambano yake mengi yalikuwa yakiisha mapema, alichoka, na katika raundi ya nane akaangushwa. Ni vigumu kumtaja bingwa mwingine wa uzito wa juu wa zama hizo aliyemwangusha mpinzani aliyekuwa na nguvu kamili kiasi hicho, huku yeye mwenyewe akiwa ameshapita ubora wake.

Upendeleo wa uzito wa juu, hata hivyo, huwafanya wengi wamsahau Henry Armstrong. Mei 1938, akiwa bingwa wa uzito wa unyoya, ambao kikomo chake ni takriban kilo 57, alipanda hadi uzito wa welta, wenye kikomo cha karibu kilo 67, akauruka uzito mwepesi ulio katikati, na kumshinda Barney Ross kwa pointi katika raundi 15. Agosti mwaka huo huo alimshinda Lou Ambers na kuuchukua pia ubingwa wa uzito mwepesi, akawa anashikilia mikanda mitatu kwa wakati mmoja, enzi ambayo madaraja yote ya uzito yalikuwa manane tu. Ross alikuwa na miaka 28, bado bingwa, na alimzidi Armstrong kwa kilo kadhaa siku ya pambano. Kwa sababu hiyo nauweka ushindi huo wa pili baada ya Kinshasa, juu ya ule wa Louis na mbele kabisa ya wowote wa Marciano.