Je, wajua kwa nini programu ya vifupisho huifanya kibodi iwe nzito?

Barua moja ya ofisi jijini Mbeya inaweza kutaja "Halmashauri ya Jiji la Mbeya" mara tano au sita. Jina hilo ni herufi 28, nafasi zikiwemo. Mchapaji mwenye programu ya vifupisho huandika qhjm, anagusa nafasi, na jina zima linajiandika. "Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya", herufi 42, anaiita kwa qmust. Kwa steshenari iliyo jirani na mahakama, ambako kiapo, maombi na barua za utambulisho huanza kwa maneno yale yale kutwa nzima, programu kama AutoHotkey, Espanso au TextExpander huokoa muda mwingi.

Shida huja pale kibodi inapokuwa nzito. Unabonyeza, herufi haitoki, kisha nne zinatoka kwa mkupuo. Watu hukimbilia kununua kibodi mpya, na kibodi haina kosa lolote.

Sababu iko kwenye njia ambayo herufi hupita. Kompyuta isiyo na programu hizi hupeleka herufi kutoka kwenye kibodi hadi Windows, na Windows huikabidhi dirisha ulilofungua. Programu ya vifupisho haiwezi kujua kwamba umeandika qhjm bila kuona kila unachobonyeza. Kwa hiyo inatega ndoano katikati ya njia. Kila herufi husimama hapo kwanza, programu inaitazama, inailinganisha na orodha yake, kisha inairuhusu ipite. Na Windows haipeleki herufi mbele mpaka iliyoishika ijibu. Ikijibu ndani ya milisekunde moja au mbili, hutahisi kitu. Ikichukua milisekunde 150, hesabu inabana: anayechapa maneno 60 kwa dakika, kwa kipimo cha wachapaji cha herufi 5 kwa neno, hutoa herufi moja kila milisekunde 200. Msuguano kidogo tu, foleni inaanza.

Ndoano zikiwa mbili, herufi husimama mara mbili. Iliyotegwa mwisho huulizwa kwanza, nayo hupokeza inayofuata. Programu ya vifupisho, nyingine ya kubadili mpangilio wa vitufe, nyingine ya kurekodi skrini yenye vitufe vyake vya mkato: zote zinaweza kuwa zimekaa kwenye njia hiyo hiyo moja.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jibu swali moja: ni kila herufi inayochelewa, au kompyuta inakwama pale kifupisho kinapofunguka tu? Haya ni magonjwa mawili na dawa zake ni tofauti kabisa. Wengi huhangaika wiki nzima kwa sababu wanatibu la pili huku wanaumwa la kwanza.

Kila herufi inapochelewa

Anza kwa kuondoa mtuhumiwa wa uongo. Windows ina huduma iitwayo Filter Keys, ambayo hupuuza mibonyezo mifupi, na hujitokeza ukiikandamiza Shift ya kulia kwa sekunde 8. Mtu akiegemeza kidole huku anasoma karatasi, dirisha linatokea, anabonyeza ndiyo bila kusoma. Nenda kwenye Settings, Accessibility, Keyboard, uhakikishe imezimwa.

Kisha fanya jaribio hili, ambalo halihitaji kifaa chochote. Fungua Command Prompt mara mbili: moja kawaida, nyingine kwa kubofya kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua Run as administrator. Andika sentensi ile ile ndefu kwenye madirisha yote mawili. Windows hairuhusu programu yenye mamlaka ya kawaida kuona herufi zinazoandikwa kwenye dirisha la msimamizi. Kwa hiyo, kama dirisha la kawaida ni zito na la msimamizi ni jepesi, mhusika ni ndoano. Kama yote mawili ni mazito, tafuta kwingine: draiva (programu inayoiunganisha kibodi na Windows), waya, au kompyuta yenyewe imelemewa. Jaribio hili halitakusaidia endapo programu ya vifupisho nayo imewashwa kwa mamlaka ya msimamizi, maana hapo inaona kote.

Ukishajua ni ndoano, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager. Zima programu moja moja, andika mstari mmoja, endelea na inayofuata. Usizime tatu kwa mara moja, hutajua iliyokuwa na kosa.

Mara nyingi orodha ya vifupisho yenyewe haina hatia, hata ikiwa na mamia ya vifupisho, kwa sababu kulinganisha herufi ni kazi ndogo sana kwa kompyuta. Kinacholemea ni masharti. Kifupisho kilichopangwa kifanye kazi "endapo tu dirisha lililo mbele ni la Excel" huilazimu programu kuuliza ni dirisha gani liko mbele kabla ya kuamua. Vifupisho vya kanuni za ruwaza, vile vinavyokubali "tarakimu zozote tatu kisha herufi", navyo hupimwa upya kila unapoandika. Viondoe kwa muda uone.

Sababu nyingine iko kwenye memori, na inazihusu sana kompyuta za RAM GB 4 zenye diski ya kuzunguka, ambazo bado ni nyingi maofisini. Ukifungua kivinjari chenye tabo nyingi, Windows huihamishia diski programu ambayo haijatumika kwa muda. Ikiwa iliyohamishwa ni ya vifupisho, herufi ya kwanza utakayobonyeza baada ya kupumzika itasubiri programu irudishwe kutoka kwenye diski. Dalili yake ni wazi: herufi ya kwanza inakawia, zinazofuata ziko sawa. Hapo kuongeza RAM au kuweka SSD kutasaidia kuliko kuhariri mpangilio wowote.

Umeme nao una mchango wake. Unapokatika, kompyuta mpakato hubaki kwenye betri, na tangu toleo la 1709 la Windows 10 mfumo huweza kuzipunguzia nguvu programu zilizo nyuma ili betri idumu. Programu ya vifupisho hukaa nyuma muda wote. Kama uzito huja ukiwa kwenye betri na kuisha ukichomeka chaja, badilisha hali ya nishati iwe ya utendaji bora kabla hujalaumu kingine.

Usishangae pia ukiona kibodi imekuwa nyepesi ghafla na vifupisho vimegoma. Windows huwa na muda maalumu wa kusubiri jibu la ndoano, na ndoano inayochelewa kupita kiasi huondolewa kimya kimya. Programu yenyewe haina njia ya kujua kwamba imeondolewa. Alama yake inabaki pale chini kulia kana kwamba inafanya kazi. Ukiifunga na kuifungua inarudi, pamoja na uzito wake. Muda huo umeandikwa kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) kwa jina LowLevelHooksTimeout, na kuanzia toleo la 1709 hauwezi kuzidi milisekunde 1000. Kuuongeza hakuponyi kitu. Kunairuhusu tu programu mbovu ikusubirishe zaidi.

Kompyuta inapokwama kifupisho kinapofunguka

Tazama kwa karibu kinachotokea ukiandika qhjm. Programu kwanza hufuta herufi zile nne, kwa kutuma kitufe cha kufutia mara nne kana kwamba wewe ndiye uliyekibonyeza. Kisha huleta maandishi kwa njia moja kati ya mbili: huyaandika herufi moja moja, au huyaweka kwenye ubao wa kunakili na kuyabandika kwa mkupuo.

Njia ya herufi moja moja inafaa kwa jina fupi. Kwa aya ndefu inatesa. Kama programu imewekewa milisekunde 10 kati ya kitufe na kitufe, aya ya kiapo yenye herufi 400 itachukua sekunde 4, na ukiendelea kuandika katikati, herufi zako zinaweza kuchanganyika na zake. Word nayo hukagua tahajia na kusahihisha herufi kubwa huku maandishi yakiingia, ikazidisha kazi.

Kwa hiyo maandishi marefu yabandikwe. Espanso hufanya hivyo yenyewe maandishi yakivuka kikomo cha clipboard_threshold, ambacho kwa kawaida ni herufi 100. Unaweza kukishusha hadi 40. Kwa AutoHotkey, njia ya SendInput ndiyo ya haraka, ila ina sharti lisilojulikana na wengi: ikiwa faili nyingine ya AutoHotkey inaendeshwa nayo ina ndoano ya kibodi, SendInput hurudi yenyewe kwenye SendEvent, iliyo polepole. Mtu mwenye faili tatu ndogo, moja ya barua, moja ya tarehe, moja ya mahesabu, anajikwamisha mwenyewe. Ziunganishe ziwe moja.

Kubandika nako kuna kasoro yake. Programu huhifadhi kwanza ulichokuwa umenakili, inabandika cha kwake, kisha inakurudishia chako. Kama ulinakili picha kubwa au safu elfu kadhaa za Excel, kuhifadhi na kurudisha huko ndiko kunakokawiza. Na kama unaona kimebandikwa ulichonakili awali badala ya kifupisho, basi kimerudishwa mapema mno: ongeza muda wa kurudisha, ambao kwenye Espanso unaitwa restore_clipboard_delay.

Chagua vifupisho visivyogombana na Kiswahili

Kifupisho kinachofunguka papo hapo, bila kusubiri nafasi, kinaweza kuvamia neno halali. Ukiweka mhe kifungue "Mheshimiwa", basi mhe ya ndani ya "mhenga" na "mhemko" itafunguka pia, na utatumia muda mwingi kufuta kuliko uliookoa. Kiswahili kimetupa nafasi nzuri hapa: tahajia yetu haina q wala x, na c haiji bila h. Anza kila kifupisho kwa q na hakuna neno la Kiswahili litakaloguswa. Kwa maandishi yaliyochanganyika na Kiingereza, usifuatishe u baada ya q.

Na kama kazi zako zote ziko ndani ya Word, huenda huhitaji ndoano kabisa. AutoCorrect iliyomo humo humo hufanya kazi hiyo: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, andika qhjm upande mmoja na jina upande wa pili. Maandishi ya kawaida yana kikomo cha herufi 255. Marefu zaidi yahifadhi yakiwa na umbo lake (Formatted text). Angalia pia lugha ya hati, kwa sababu Word hutunza orodha hiyo kwa lugha. Kifupisho ulichokiweka hati ikiwa imetambulishwa kuwa ya Kiingereza kinaweza kisifunguke kwenye aya iliyotambulishwa kuwa ya Kiswahili, mpaka ukiingize tena mshale ukiwa ndani ya aya hiyo.