Wakili wa Jeshi ni Nani, na Anamtumikia Nani?

Wakili wa jeshi ni afisa mwenye cheo ambaye pia ameapishwa kuwa wakili wa Mahakama Kuu. Mteja wake ni jeshi. Hapo ndipo familia nyingi za wanajeshi, kuanzia Lanet na Gilgil hadi Kisumu, hukosea: kijana wao akishtakiwa kwa kutoroka kambini, hudhani mwanasheria aliyevaa sare atamtetea. Katika mahakama ya kijeshi, huyo ndiye mara nyingi anayeongoza mashtaka. Mshtakiwa hujitafutia wakili, aghalabu raia mwenye ofisi mjini.

Mahakama hiyo imetajwa katika Kifungu cha 169 cha Katiba ya Kenya miongoni mwa mahakama za chini, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Anayeongoza kikao si jenerali. Ni hakimu, au wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 10, aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Huketi pamoja na maafisa wasiopungua 5 mshtakiwa akiwa afisa, au 3 akiwa askari wa vyeo vya chini.

Lakini kesi ni sehemu ndogo tu. Kazi kubwa ni kumshauri kamanda, na Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kimataifa za vita, inataka mshauri huyo awepo. Tuseme adui amejificha shuleni: je, kuna raia ndani? Madhara kwao yatazidi faida ya kijeshi? Jibu linatakiwa kabla risasi haijatoka. Siku nyingine ni mikataba ya ununuzi na mizozo ya mipaka ya ardhi ya kambi, kazi ya mafaili isiyo na mbwembwe.

Njia ni ndefu, na umri ndio mtego. Shahada ya sheria, iwe Kabarak au Moi, huchukua miaka 4, na kuingia huhitaji C+ ya jumla pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili. Kisha Chuo cha Sheria cha Kenya, mitihani, na miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili. Aliyemaliza sekondari na miaka 18 hufika 24 au 25 ndipo aapishwe. Akirudia mitihani, 27. Matangazo ya jeshi ya kuajiri maafisa wataalamu kwa kawaida hayavuki miaka 30, na hutaka uwe umesajiliwa na chombo cha taaluma yako. Shahada peke yake haitoshi. Wengi huangukia hapo. Urefu nao hupimwa: futi 5 na inchi 3.

Mafunzo ni katika Chuo cha Kijeshi, Lanet, ambako wakili hubeba bunduki na mzigo mgongoni sawa na daktari au mhandisi. Nafasi haiuzwi, anayedai pesa kwa barua ya mwito anakuuzia barua ghushi.

Aliyepitwa na umri bado anaweza kusimama katika mahakama ya kijeshi, ila upande wa utetezi, akiwa na leseni ya uwakili ya mwaka huo.