Chumvi na siki hazishikishi rangi ya mimea kwenye pamba
Ujumbe unaozungushwa katika makundi ya simu hapa Mwanza unadai kwamba kitambaa cha pamba kikilowekwa katika chumvi na siki, rangi ya mimea haitachuja kamwe. Si kweli. Pamba, hata hii yetu ya Usukumani, ina nta ya asili inayozuia maji, kwa hiyo huchemshwa kwanza kwa magadi na sabuni hadi maji yageuke manjano, kisha hulowekwa katika maji ya maganda ya komamanga, na mwisho katika maji ya shabu, madini yanayoshikisha rangi. Baada ya kuchemsha, dondosha tone la maji juu ya kitambaa: likisimama bila kunywewa, kitambaa bado hakijatakata. Kisha tia rangi vipande viwili, kilicholowekwa katika siki na kilicholowekwa katika shabu, uvifue na uvilinganishe. Wengi huchanganyikiwa kwa sababu chumvi husaidia baadhi ya rangi za kiwandani, na siki hufaa sufu. Tafadhali tusiusambaze tena. Unawaharibia watu vitambaa walivyovigharimia.